Mwenyekiti na Mbuzi wa Foleni

Mwenyekiti wetu alikuwa anapiga watu. Wacha nianzie hapo, maana wanaoanzia kwenye ukarimu wake huniudhi sana. Alipiga kwa kofi, alipiga kwa mkanda wa injini uliokatika, na mara moja, mbele ya macho yangu, alimpiga ndugu yangu mdogo kwa spana ya magurudumu. Kwa miaka mingi baada ya hapo nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ndugu yangu hakutuuza.

Mimi nilikuwa mtu wa dirisha la tiketi. Jina langu hakuna aliyelitumia, wote waliniita madam. Kampuni yetu ilikuwa na magari ya siti kumi na moja, yakitoka Meru mjini kupitia Nkubu, Chuka na Runyenjes mpaka Embu, halafu yakirudi. Kabla yetu, abiria wa njia hiyo alikuwa anavutwa mkono wa kushoto huku begi lake likipanda gari la kulia. Mwenyekiti na madereva wengine wanane, wote wamechoka kuendesha magari ya watu, walikuja na wazo lililowachekesha wengi: nunua tiketi kwanza, siti yako ni yako, gari likijaa linaondoka. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenye kazi ya kukimbiza miraa kwa pikapu kutoka Muthara, na hiyo kazi haimfundishi mtu upole.

Sasa hivi vijana wanadhani kampuni huanza kwa kuandikisha karatasi. Yetu ilianza kwa meno. Pale steji kulikuwa na wapiga debe waliotaka kila gari liwatoe kitu kabla ya kubeba abiria, na Mwenyekiti alikataa. Siku ya kwanza walimvunjia kioo. Siku ya pili walimpiga dereva mmoja mpaka akajinyea. Siku ya tatu Mwenyekiti alizungusha koti lake kwenye mkono wa kushoto, akaushika ule mkanda wa injini kwa mkono wa kulia, akawaingia peke yake. Nilifunga dirisha, nikabakisha nafasi ya jicho. Baada ya muda kidogo alikuja akagonga, akaniwekea kitu juu ya meza, kimefungwa kwenye leso. Lilikuwa jino lake. "Madam, nitunzie hii," alisema, akarudi kule kule. Nililiweka kwenye droo pamoja na kalamu. Kufikia saa nane mchana steji ilikuwa yetu, na wawili kati ya wale wapiga debe wakaajiriwa kuosha magari.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikupiga, halafu akakubeba hospitali kwa gari lile lile ambalo ungekuwa umeliendesha. Njiani angekuuliza mtoto wako yuko darasa la ngapi, na si kwa kujipendekeza, alikuwa anajua jina la mtoto. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa barabarani, abiria wote wangeteremshwa na gari lingempeleka bure. Nimeyaona haya mara nyingi kuliko vidole vyangu. Alikuwa mzee wa kanisa, anaimba sauti ya chini kabisa kwenye kwaya, hatukani, hanywi, na anaogopa sindano. Mara moja daktari alitaka kumdunga, akamshika mkono daktari mpaka daktari akaita watu.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Foleni haina baba." Maana yake, gari lililotangulia kufika ndilo linalotangulia kupakia, na hakuna cha ujomba. Kijana wake wa kuzaa aliwahi kuruka foleni pale Chuka kwa sababu alikuwa anachelewa kwenda kumwona msichana. Mwenyekiti alimwita mbele yetu, akamwambia avue shati, akamchapa mikanda minne, halafu akampa shati lake na kumfunga vifungo yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kama mtoto wa chekechea. Kijana alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alilia, nasi tukajifanya tunaangalia magurudumu.

Basi na ugomvi wote huo, utauliza, mbona polisi hawakuwahi kuingia kwenye yadi yetu? Ni kwa sababu ya mbuzi. Kwetu, wazee wakikutoza mbuzi na nyama ikaliwa, jambo limeisha, na Mwenyekiti aliichukua desturi hiyo akaifanya sheria ya kampuni. Ukimpiga mwenzako unanunua beberu. Anachinjwa nyuma ya yadi. Wewe uliyepiga ndiye unayechoma ini, unakata kipande cha kwanza, unamtia mdomoni yule uliyempiga, naye anakata anakutia wewe. Akimeza, amesamehe. Na mtu yeyote atakayelitaja tena jambo hilo, hata kwa mzaha, naye atanunua mbuzi wake. Tulimwita mbuzi wa foleni, kwa sababu bila yeye huwezi kurudi kwenye foleni.

Nisiwe mnafiki, hiyo sheria ilitufaa. Watu walioumizana asubuhi walikuwa wanasukumana kwa utani kufikia jioni. Lakini ilikuwa na ubaya wake, na ubaya wenyewe ni kwamba hakuna aliyeuliza nani alikuwa na haki. Ukishameza, umemeza na haki yako.

Ndugu yangu ni mimi niliyemleta. Nilimwombea kazi ya kuosha magari, na Mwenyekiti akampenda, akamfundisha usukani yeye mwenyewe kwenye ile barabara ya kona nyingi baada ya Nkubu. Alimtandika makofi kila alipobadilisha gia vibaya. Baada ya mwaka mmoja ndugu yangu aliendesha vizuri kuliko wote, na abiria walikuwa wananiuliza dirishani gari lake linatoka saa ngapi. Alioa msichana wa Kiambere, kule Mbeere karibu na bwawa, na mjomba wa huyo msichana alikuwa msimamizi wa steji ya kampuni nyingine pale Embu. Kampuni hiyo ilikuwa upande wa chini wa mji. Tuliwaita wale wa chini, na walitaka kutuondoa Embu kwa njia yoyote.

Vita vyetu nao vilidumu miezi. Walipiga mawe magari yetu Runyenjes, tukawapiga mawe Chuka. Wao walimvunja dereva wetu mbavu, sisi tulimtupa mmoja wao kwenye mtaro akiwa na viatu vyake shingoni. Siwezi kusema sisi tulikuwa wazuri. Mwishoni Mwenyekiti alihamisha magari yetu ya Embu, yakawa yanalala kwenye yadi mpya ambayo hata mimi sikuwa naijua. Alisema wanaojua wahesabike kwa mkono mmoja, na ndugu yangu alikuwa mmoja wao.

Wiki haikuisha. Jumanne alfajiri madereva wakiosha magari, wale wa chini waliingia na mapanga. Waliingilia geti la nyuma, ambalo halikuwa na kufuli, na walilijua. Walimvunja mlinzi miguu yote miwili. Dereva mmoja alikatwa sikio, na gari jipya kabisa, bado lina karatasi za plastiki kwenye viti, likachomwa. Niliyaona hayo magari yakirudi Meru siku hiyo, damu imekauka kwenye mlango, na madereva hawasalimii mtu.

Alhamisi, ndugu yangu alionekana Embu kwenye hoteli, anakunywa chai na mjomba wa mke wake, yule msimamizi wa wale wa chini. Walikaa muda mrefu, vichwa vimekaribiana. Nilipoambiwa nilishika kichwa. Lakini ungefanyaje? Mjomba wa mke akikuitia chai unaenda, hata kama nyumba zenu zinachomana moto. Ukikataa umemkataa mke.

Jumamosi madereva wote waliitwa yadi ya Meru kutafuta aliyetuuza. Walikuja na jibu tayari. Katikati ya yadi mtu alikuwa ameweka tairi kuukuu, na kando yake mtungi wa petroli, na hakuna aliyeuliza ni wa nini. Mimi nilikuwa mlangoni mwa ofisi.

"Alhamisi ulikuwa na nani?" aliulizwa ndugu yangu na yule wa sikio, kichwa kimefungwa bandeji.

"Na mjomba wa bibi yangu."

"Mliongea nini?"

Ndugu yangu alimwangalia Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama kando ya gari, kimya tangu mkutano uanze. Akasema, "Maneno ya ukwe tu."

"Ukwe gani saa nzima?"

Wawili walimshika mabega, mwingine akainua tairi. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Hapo ndipo Mwenyekiti alipokuja, spana mkononi, akiwasukuma watu kwa kifua. "Weka chini hiyo tairi," alisema. "Huyu nilimfundisha mimi. Huyu ni wangu." Aliushika mkono wa kulia wa ndugu yangu, akaulaza juu ya boneti, akaupiga spana kwenye kifundo. Mara mbili. Ilikuwa sauti ya kuni mbichi. Ndugu yangu hakulia, alikaa chini tu. "Imeisha," Mwenyekiti alisema. "Mbuzi ni wangu."

Na mbuzi akaliwa siku hiyo hiyo, kabla ya hospitali, kwa sababu Mwenyekiti aliogopa hasira zingerudi. Ndugu yangu, mkono umefungwa kwa leso yangu, alifungua mdomo, akatiwa ini, akameza. Kisha akakata kipande kwa mkono wa kushoto akamlisha Mwenyekiti. Supu niliikoroga mimi. Na nilikula. Watu hunitazama nikisema hivyo, lakini nilikula, kwa sababu nilikuwa naogopa na kwa sababu kukataa kungemrudisha kwenye lile tairi.

Mkono ulipona umepinda. Hata kama ungepona vizuri, hakuna steji kutoka Nkubu mpaka Embu ambayo haikuwa imesikia kwamba yeye ndiye aliyeuza yadi. Dereva aliyeuza wenzake hapewi hata mkokoteni. Alihamia kwa wakwe zake Kiambere, kwenye lile joto, akafuga mbuzi na kupanda ndengu. Nilipomtembelea alinipikia, akaniuliza habari za magari kwa jina la kila gari. Kuhusu Jumamosi ile hatukuzungumza. Ililiwa.

Wenzangu waliniambia, "Madam, shukuru, Mwenyekiti aliokoa ndugu yako." Na ni kweli, hapo ndipo panaponiuma. Bila ile spana angechomwa. Nimewahi kumshukuru kwa sauti, pale dirishani, akaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Kila Desemba alimtumia ndugu yangu gunia la mchele kwa gari letu la Embu, na kila Desemba gunia lilirudi bila kufunguliwa. Risiti ya mzigo unaoenda niliandika mimi, na ya mzigo unaorudi niliandika mimi. Mwenyekiti alikuwa anakuja kulichukua mwenyewe, analibeba begani.

Halafu akazeeka. Hakuna aliyemfukuza, vijana waliacha tu kumsubiri ili mkutano uanze. Tiketi zikahamia kwenye simu. Ofisi ilipopakwa rangi, picha yake ilishushwa na haikupandishwa. Mke wake alifariki, mwaka uliofuata yeye akapooza upande wa kushoto. Alikuwa akiishi Kaaga, karibu na shule, na mwaka jana dereva mmoja aliniletea ujumbe: mzee anamtaka madam wa tiketi.

Nilienda Jumapili mchana. Nilimkuta kwenye kiti nje ya nyumba, bakora imeegemezwa ukutani, blanketi magotini. Alikuwa amepungua mpaka kola ya shati ilikuwa inazunguka peke yake.

"Muuga, madam."

"Muuga, Mwenyekiti. Pole na ugonjwa."

"Bado wanafuata foleni?"

"Wanafuata simu, mzee."

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Halafu akasema, "Nataka kufungua ile maneno ya ndugu yako."

"Ile ililiwa."

"Najua ililiwa. Mimi ndiye nafungua, mbuzi nitanunua mimi." Alitafuta pumzi. "Yeye hakuuza mtu."

Unajua, nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka mingi sana, na yalipokuja niliona yamekuja madogo. Nikamwambia, "Najua hakuuza."

"Hapana. Wewe unaamini. Mimi ndiye najua." Macho yake yalikuwa kwenye blanketi. "Mimi nilikuwa nakunywa, madam. Chuka, nyuma ya soko, kwa sababu hapa Meru kanisa ingejua. Nilikaa na mtu wa wale wa chini, bila kujua ni wao. Nikaanza kujisifu. Nikasema gari zangu zinalala mahali hata shetani hajui. Akasema hakuna mahali kama hiyo. Nikamwambia iko, nikamtajia. Nilimtajia mpaka ile geti ya nyuma."

"Na siku ile ulijua?"

"Nilijua kutoka ile Jumanne."

"Ukampiga ukijua."

"Nikampiga nikijua. Wangeendelea kuuliza, wangefika kwangu. Na ile tairi ilikuwa pale. Niliogopa. Mimi maisha yangu yote niliogopa vitu mbili, sindano na ile tairi."

Nilisimama. Nasema wazi, nilitaka kumpiga, mzee aliyepooza, mbele ya nyumba yake, watoto wa shule wakiimba ng'ambo ya ua. Mkono wangu ulishaanza kuinuka. Nilichofanya badala yake ni kuichukua bakora yake na kuitupa kwenye migomba, mbali asiweze kuifikia. Yeye aliiangalia ikienda, hakuniuliza kwa nini.

Nikatoa simu, nikampigia ndugu yangu Kiambere, nikaiweka sauti ya nje, nikaishika mbele ya mdomo wa Mwenyekiti. "Rudia," nikamwambia. "Rudia yote."

Alirudia yote. Chuka, yule mtu, geti, Jumanne, spana. Alizungumza polepole, kwa sababu ulimi wake pia ulikuwa na ugonjwa. Upande wa pili tulisikia mbuzi, na upepo, na ndugu yangu akipumua.

"Nilijua, Mwenyekiti," alisema hatimaye.

Mwenyekiti alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezungumza.

"Ile Alhamisi ya chai," ndugu yangu akaendelea. "Mjomba aliniita aniambie ni nani alituuza, kwa sababu alisikia watu wetu wanasema ni mimi wataua. Aliniambia ni wewe. Aliniambia hata ulikuwa umekunywa nini."

Nikakaa chini kwenye nyasi. Nilikumbuka vile ndugu yangu alivyomwangalia Mwenyekiti kule yadi kabla ya kujibu, na nikaona ujinga wangu wote wa miaka hiyo, supu na risiti.

"Na hukusema," Mwenyekiti alisema. Alikuwa analia, machozi yakishuka upande ule mzima. "Kijana wangu. Miaka hii yote ni wewe uliniokoa."

"Sikukuokoa," ndugu yangu alisema, bila hasira, kama anayemwelekeza mtu njia. "Nilijua huwezi kuwaacha wanichome, ulihitaji mtu aliye hai wa kubeba hiyo maneno. Na ningekutaja, wangechoma wewe. Mtu akichomwa, kesho yake amekuwa mzuri. Wangekuimbia. Dada yangu angekuchangia jeneza. Mimi nilitaka uzeeke nayo."

Nilisema, "Kesho namweka kwa gari, nampeleka steji, aseme mbele ya watu wote. Jina lako lirudi."

"Usimpeleke mahali, dada."

"Ni jina lako!"

"Ni langu, ndiyo. Nililiacha mwenyewe. Akisema mbele ya watu atapata usingizi, na mimi sitaki apate." Kisha akasema mbuzi wameingia kwenye ndengu, akakata.

Mwenyekiti alinyoosha ule mkono wake mzima kuelekea simu. "Jaribu tena, madam," alisema. Nilijaribu mara tatu. Iliita mara zote tatu mpaka mwisho, na ndugu yangu hakushika.